Kupanda Nyanya kwa Nafasi

Nyanya, ambayo watu wengi wa pwani na visiwani huiita tungule, asili yake si Afrika. Ilitoka Amerika, na Wahispania ndio walioipeleka Ulaya katika karne ya 16. Leo haikosekani katika chungu cha mchuzi. Walakini mmea huu una tabia yake: wapenda jua la mchana, bali usiku wataka ubaridi. Kwa sababu hiyo mtu akaaye Tanga au Mombasa hawezi kuulima kama aulimavyo mtu wa milima ya Lushoto.

Kwanza tutazame majira. Mchana joto likipita nyuzi 32, na usiku lisiposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, chavua, yaani ule unga wa ua, hudhoofika. Maua hupukutika, wala tunda halishiki. Ndiyo maana nyanya zichanuazo pwani mwezi wa Februari mara nyingi huwa majani matupu. Basi, sia mbegu kitaluni mwezi wa Mei, uhamishe miche mwezi wa Juni, ili maua yapatane na kipupwe cha Julai na Agosti.

Jambo la pili ni gumu kwa watu wengi, maana lataka moyo wa kujizuia. Mtu akiona miche mingi kitaluni huona uchungu kuitupa, akaipanda yote. Na tufanye hesabu. Tuseme tuta lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 2. Ukipanda kwa sentimita 30 kila upande, yaingia miche 120. Ukipanda mistari 2 yenye mita 1 katikati, na sentimita 60 toka mche hata mche, yaingia miche 20 tu. Iliyobaki mpe jirani.

Sasa, maji. Mche mkubwa, siku ya jua, huridhika na lita 2 hivi. Miche 20 yataka lita 40, yaani madebe 2. Miche 120 yataka madebe 12. Nani atakayeyachota? Si ninyi wanafunzi, kabla kengele ya shule haijalia? Kisima kikiwa mbali, mtoto huchota madebe yake 2 akakimbilia darasani, na kila mche katika ile 120 hupata theluthi moja ya lita. Maji hayo hulowesha vumbi la juu tu, mizizi isipate kitu. Tena nyanya inyweshwayo sana leo ikaachwa na kiu kesho huoza kitako, ikawa na doa jeusi chini, kwa kuwa kalisi, madini yaliyomo katika chokaa, hupanda tundani pamoja na maji. Yakikatika maji, nayo hukatika.

Miche iliyosongamana haina hewa pia. Umande wa alfajiri hukaa majanini hata saa nne, na ukungu wa magonjwa hupata pa kuota. Majani ya chini hutoka mabaka ya kahawia, yakakauka, na ugonjwa hupanda juu. Kwa hiyo elekeza mistari kufuata upepo wa kusi, upate kupita katikati. Mwagilia asubuhi, shinani, si majanini.

Wako wasemao kwamba ile mita 1 ya katikati ni ardhi iliyopotea. Haikupotea. Ni njia ya kupitia na debe bila kuvunja tawi. Ifunike, pamoja na tuta lote, kwa nyasi kavu zenye unene wa vidole 4, lakini zisiguse shina. Jua halitaufikia udongo, maji hayatakauka upesi, magugu hayataota ovyo, na jembe litapumzika. Nyasi zenye mbegu usizitumie, maana utakuwa umepanda magugu kwa mkono wako. Kila mche uchomekewe kijiti cha mti mgumu, kwani mchwa hawakawii, ukafungwe kwa kamba ya mgomba isiyokaza. Vichipukizi vya chini viondoe, walakini usiunyoe mmea: majani ndiyo mwavuli wa matunda, na tunda lililo wazi kwa jua la saa nane huungua ubavu, pakawa peupe kama karatasi.

Mwaka wa pili usirudishe nyanya katika tuta lile, wala biringanya, pilipili au viazi mviringo. Hiyo yote ni mimea ya ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko ukaao udongoni huishika yote. Panda mahindi. Ukiona mche umelegea ghafula, na majani yangali mabichi, kata kipande cha shina, ukitumbukize kidogo katika bilauri ya maji safi. Kikishusha uzi mweupe kama maziwa, huo ndio mnyauko. Ng'oa mche na mizizi yake, uuchome moto mbali na bustani, na jembe ulilotumia lioshe kabla halijagusa tuta jingine.