Kabla Hamjatoka Kota: Ya Kuweka kwenye Maandishi Kabla Nyumba Hazijabomolewa

Kiwanja chochote chenye nyumba za zamani karibu na katikati ya jiji siku hizi kinapigiwa hesabu. Zitazame kota za Dar es Salaam: nyumba za chini, ua mpana, maji na umeme vipo, lami iko mlangoni. Pale Magomeni, tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita Barabara ya Morogoro hadi Kivukoni. Ardhi iliyobeba mamia ya familia inaweza kubeba maelfu. Mwenye mali, awe halmashauri, shirika au wakala wa serikali, ana haki ya kuliona hilo, nami naamini kabisa kwamba kujenga maghorofa karibu na mji ni bora kuliko kuzidi kuwasukuma watu pembezoni. Ila aliyekuwa akiishi pale lazima ajue atakuwa wapi siku utepe unakatwa, na ajue kabla hajafunga virago.

Magomeni Kota inatufundisha mengi. Wapangaji wa pale, kaya 644, waliondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita ili nyumba zao chakavu zipishe mradi mpya. Nyumba zikabomolewa, mradi haukuja, uwanja ukabaki mtupu kwa miaka. Septemba 2016 Rais John Magufuli alifika pale na kuagiza serikali ijenge, wakazi warudishwe na wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ukajenga maghorofa, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua. Watu wakarudi, na ni jambo la kujivunia. Lakini ilichukua takriban miaka kumi, na kilichowarudisha ni agizo la mkuu wa nchi. Wewe usiyapange maisha ya familia yako kwa kutegemea kwamba Rais atapita mtaani kwenu.

Kwa hiyo tangazo likibandikwa, au hata mkisikia tu kwamba wapimaji wameonekana, anzeni na orodha. Msisubiri mwenye nyumba alete ya kwake. Chagueni kamati, iteni mkutano, na muhtasari wa mkutano usainiwe na kila aliyehudhuria. Orodha yenyewe iwe na namba ya nyumba, jina kamili la mpangaji kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, namba ya kitambulisho hicho, mwaka aliohamia, idadi ya vyumba, na saini au dole gumba. Piga picha ya mpangaji akiwa amesimama mlangoni kwake, namba ya nyumba ionekane. Ambatanisha nakala ya mkataba wa pango na risiti za kodi, hata zile za zamani zilizofifia. Nakala moja ikae kwa mwenyekiti wa mtaa, moja kwa mtendaji ikiwa imegongwa mhuri, moja kwa wakili, na nyingine ipelekwe kwa mwenye mali kwa barua ambayo nakala yake itasainiwa kuwa imepokelewa.

Kuna safu mbili ambazo watu huziruka, na ndizo zinazoleta vilio baadaye. Ya kwanza ni ya mrithi. Mradi ukichelewa, wazee hufariki, watoto huoa na kuolewa, na siku ya kugawa funguo wanajitokeza ndugu watatu kwa nyumba moja. Andikeni mapema nani ataingia mahali pa mpangaji akifariki. Ya pili ni ya mwenzi. Nyumba nyingi za kota zimeandikwa jina la mume peke yake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mtumishi. Jina la mke liwemo kwenye orodha, na saini yake iwemo, maana ndoa nayo inaweza kuvunjika kabla jengo halijakamilika.

Wapo pia waliopangishwa na mpangaji: kijana wa chumba cha uani, mama wa chumba cha mbele. Mara nyingi kamati huwaficha kwa hofu kwamba watapunguza mgawo. Naona hilo si sawa. Hata kama hawatapata nyumba, wanastahili notisi ya muda wa kutosha na gharama ya kuhama, na wakifichwa leo ndio watakaokwenda kutoa ushahidi kinyume chenu kesho.

Baada ya orodha, makubaliano. Ahadi ya kwenye mkutano wa hadhara, hata ikitolewa na kiongozi mkubwa, haina nguvu kama karatasi. Mkataba useme waziwazi kwamba mpangaji aliyeorodheshwa ana haki ya kurudi kwenye kiwanja kilekile, katika nyumba yenye vyumba visivyopungua idadi fulani, na itajwe tarehe. Useme kitakachotokea tarehe hiyo ikipita. Msikubali kubomolewa kwa mara moja ikiwa kiwanja kina nafasi ya kujenga kwa awamu: jengo la kwanza lisimame kwenye sehemu iliyo wazi, waingie watu wa nyumba za upande mmoja, ndipo upande huo ubomolewe. Na kabla ya greda kuingia, ombeni kuona kibali cha ujenzi, fedha zinatoka wapi, na usajili wa mkandarasi kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mradi ambao hauna fedha siku ya kubomoa hutoa uwanja wa kuchezea mpira.

Suala la pango la kipindi cha kusubiri lijadiliwe kwa ukali. Dar es Salaam wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kwa hiyo malipo ya mwezi mmoja mmoja hayatamsaidia mtu. Huko Nairobi, kwenye mradi wa Pangani, kaya 48 za nyumba za zamani zililipwa shilingi 600,000 za Kenya kila moja ili zikapange kwingine wakati maghorofa yanajengwa. Ni utaratibu mzuri kwa kuwa fedha zinatangulia. Udhaifu wa kiasi kilichofungwa ni kwamba ujenzi ukirefuka, fedha zinaisha. Ninyi daini malipo yaendelee hadi siku ya kukabidhiwa ufunguo. Mkitaka kipimo cha kuanzia, kanuni za fidia ya ardhi za Tanzania za mwaka 2001 zinahesabu posho ya makazi kwa pango la miezi 36, pamoja na posho ya usafiri na ya usumbufu. Kanuni hizo zimewekwa kwa ajili ya wanaotwaliwa ardhi, lakini mezani ni hoja yenye uzito.

Kisha ulizeni bei. Kwenye ghorofa jipya mtarudi kama wapangaji au kama wanunuzi? Kama ni kununua, bei itahesabu gharama ya ujenzi tu, au na ardhi? Karibu na katikati ya mji ardhi ndiyo inayopandisha bei, kwa hiyo sentensi moja ya mkataba kuhusu hilo inaweza kuamua kama mstaafu atarudi au atauza nafasi yake kwa dalali. Msiisahau tozo ya huduma. Kota haikuwa na lifti, jenereta, pampu ya kupandisha maji wala walinzi wa getini. Ghorofani vyote hivyo vinalipiwa kila mwezi, hata na asiyelipa kodi. Ombeni makadirio kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, inayomwezesha mtu kuwa na hati ya nyumba yake ndani ya ghorofa na wamiliki kuwa na chama chao cha kusimamia lifti, ngazi na paa. Hati hiyo itajwe kwenye mkataba tangu mwanzo.

Jambo la mwisho ni riziki. Mama anayekaanga mihogo mbele ya mlango wake hawezi kuikaangia ghorofa ya sita. Kamati ihesabu magenge, vioski, cherehani na mama lishe wote, na idai fremu za chini au eneo la soko litengwe kwenye ramani, wenyeji wakipewa kipaumbele. Wazee na wenye ulemavu nao wapangiwe nyumba za chini kabla ya kura ya kugawa nyumba kupigwa.

Wakili si anasa hapa. Changeni kidogo kidogo mumlipe mmoja, na mkishindwa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni miongoni mwa wanaopokea watu. Mgogoro ukizuka, mwulizeni wakili mapema kama shauri lenu ni la Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au la Mahakama Kuu, na kama kuna notisi ya kutoa kwanza, maana kushtaki chombo cha serikali kuna taratibu zake. Hakikisheni orodha imegongwa mhuri na mkataba umesainiwa kabla mkandarasi hajaanza kuzungushia mabati.