Elimu kwa Umma: Chumvi ya Mto na Upangaji wa Skimu za Umwagiliaji

Maji ya mto, hata yale matamu kinywani, hubeba chumvi iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba na udongo. Penye mvua nyingi, chumvi hiyo husafishwa na mvua. Katika maeneo makavu, maji hupaa kwa jua na kunywewa na mimea, bali chumvi hubaki shambani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Maji yenye miligramu 500 za chumvi kwa lita hubeba nusu kilo katika kila mita ya ujazo. Hekta moja ikipokea mita za ujazo 10,000 kwa msimu, imepokea tani 5 za chumvi. Aidha, umwagiliaji uliopita kiasi huinua maji ya ardhini. Yakikaribia mizizi, hupanda kupitia udongo na kuacha ukoko mweupe juu ya ardhi. Shamba la namna hiyo huweza kuachwa ilhali mfereji bado unatiririsha maji.

Tiba yake ni kumwagilia ziada kidogo ili chumvi ishuke chini ya mizizi, kisha kuiondoa kwa mifereji ya kutolea maji. Hapo ndipo linapozuka swali la pili: maji hayo ya chumvi yaelekezwe wapi?

Mto Colorado, unaotoka Marekani kuingia Mexico, unatoa funzo. Mkataba wa mwaka 1944 uliipatia Mexico kiasi mahususi cha maji, lakini haukuweka kiwango cha chumvi. Mwaka 1961, mradi wa Wellton-Mohawk huko Arizona ulianza kurudisha mtoni maji ya chumvi yaliyopampwa chini ya mashamba. Wakulima wa bonde la Mexicali waliathirika, na mgogoro huo ulipata makubaliano mwaka 1973. Mwaka 1974 Marekani ilitunga sheria ya kudhibiti chumvi ya mto huo, ukajengwa mfereji wa kuyapitisha maji hayo kando ya mto, pamoja na mtambo wa kuondoa chumvi huko Yuma. Mtambo ulikamilika mwaka 1992, lakini umefanya kazi kwa vipindi vichache tu.

Kwa hiyo, kabla ya skimu kuchimbwa, kamati za wakulima zinashauriwa kuhakikisha mambo haya:

1. Maji na udongo vimepimwa, hususan wakati wa kiangazi ambapo mto hupungua na chumvi huongezeka.

2. Kina cha maji ya ardhini kinajulikana na kitafuatiliwa kila msimu.

3. Mifereji ya kutolea maji imo katika bajeti ya awali. Fedha zikipungua, ni heri kupunguza hekta kuliko kuifuta mifereji hiyo.

4. Mazao yanaendana na ardhi. Maharage huanza kupungua mavuno chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 1 kwa mita, mahindi 1.7, na pamba 7.7.

5. Wanakijiji wa chini ya mto wameshirikishwa, na kibali cha kutumia maji kimeombwa Bodi ya Maji ya Bonde.

Mkulima anayeona ukoko mweupe shambani, au mazao yanayonyauka ilhali udongo una unyevu, atoe taarifa mapema kwa Afisa Ugani wa kata yake.