SOMO: ALBERT KUDJABO WA KILO, KIJANA ALIYETEKWA VITANI AKABAKI HAI

Somo letu la leo linahusu kijana wa zamani aliyetekwa vitani. Tumemchagua kwa sababu katika vikao vyetu hapa Kisangani, hasa ng'ambo ya mto huko Lubunga, kuna maswali mawili yanayorudi kila mara. Mtoto wetu akikamatwa katika mapigano, tumhesabu kuwa amekufa? Na kijana wa upande wa pili akiangukia mikononi mwetu, tumfanye nini?

Jina lake ni Albert Kudjabo. Alizaliwa mwaka 1896 huko Kilo, kwenye nchi ya dhahabu ambayo leo iko Ituri. Wazee wanakumbuka kwamba Ituri na Tshopo zilikuwa jimbo moja mpaka 2015, na makao makuu yalikuwa mji huu, ambao zamani uliitwa Stanleyville. Kwa hiyo tunaweza kusema ni mtoto wa jimbo letu.

Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta Ubelgiji. Tarehe 4 Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliingia nchi ile, na Kudjabo, akiwa na miaka 18, akajiunga na kikosi cha wanajeshi wa kujitolea wa Kongo kilichoongozwa na Kanali Louis Chaltin. Jina la kikosi lisitudanganye: wengi wao walikuwa Wazungu waliowahi kufanya kazi Kongo. Weusi walikuwa wachache sana. Wanahistoria wamehesabu Wakongo 32 tu katika jeshi lote la Ubelgiji huko Ulaya. Mmoja wao alikuwa Paul Panda Farnana, mwenye miaka 26, mtu wa Kongo ya Chini, msomi wa kilimo. (Huku nyumbani habari ilikuwa nyingine: makumi ya maelfu ya wapagazi walibebeshwa mizigo ya jeshi lililofika Tabora mwaka 1916, na wengi hawakurudi. Hao wanastahili somo lao.)

Kikosi kilitumwa Namur, mji wenye ngome nyingi. Wajerumani walizivunja ngome hizo kwa mizinga mikubwa, na tarehe 23 Agosti mji ukaanguka. Kudjabo na Panda wakatekwa. Hesabuni wenyewe: walipigana wiki zisizofika tatu, kisha wakakaa mateka zaidi ya miaka minne. Kudjabo alipitishwa katika kambi za Ujerumani, zikiwemo Soltau na Münster.

Kwa nini mateka waliweza kuishi muda wote huo? Hali haikuwa nzuri. Njaa, baridi na magonjwa viliua watu wengi kambini. Lakini kulikuwa na mambo yaliyosaidia. Tangu mapatano ya La Haye ya mwaka 1907, mataifa yalikuwa yamekubali kwamba askari aliyeweka silaha chini hauawi, na kwamba aliyemkamata ndiye anayepaswa kumlisha. Mapatano hayo yalivunjwa mara nyingi, ila yalikuwapo, na yalikuwa na mtu wa kuyadai. Tena, mnamo Agosti 1914 Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi ya mateka huko Genève. Kazi yake ilikuwa kuandika majina. Mpaka mwisho wa vita ofisi hiyo ilikuwa na kadi zipatazo milioni 7: jina, kikosi, mahali mtu alipoonekana, nani anamtafuta. Mtu aliyeandikwa jina lake ni vigumu kumpoteza kimyakimya. Kwa maoni yangu, hiyo kadi ya karatasi iliokoa watu kuliko hotuba nyingi.

Kuna jambo jingine lililompata Kudjabo. Mwaka 1915 wataalamu wa Ujerumani, wakiongozwa na Profesa Carl Stumpf, waliunda tume ya kunasa sauti za mateka. Walizunguka kambini na mashine zao wakirekodi lugha zipatazo 250. Walipomfikia Kudjabo, aliimba, akasema kwa lugha ya kwao, akapiga mluzi na kupiga ngoma inayotuma ujumbe. Sisi wa Tshopo tunaozijua ngoma za Walokele tunaelewa maana ya ngoma kusema. Sauti za tume ile zimehifadhiwa Berlin hadi leo, na ya kwake ni miongoni mwa sauti za zamani kabisa za askari Mkongo.

Hapa tusimame kidogo. Wengine husema ni heshima kwamba sauti yake imebaki. Mimi nasema tuangalie pande zote mbili. Mateka hawezi kukataa kwa uhuru. Aliyemweka mbele ya mashine ndiye aliyeshika ufunguo wa kambi. Leo mashine hiyo iko mfukoni mwa kila kijana. Anapokamatwa mtu wa upande wa pili, simu zinatolewa, anaulizwa maswali huku anapigwa, na picha inafika kwa mama yake kabla ya jua kuzama. Mkataba wa Tatu wa Genève wa mwaka 1949, kifungu cha 13, unakataza mateka kupigwa, kutukanwa na kufanywa kitu cha kutazamwa na watu.

Mtauliza: mkataba huo si wa vita kati ya nchi na nchi? Ndiyo. Katika zile Siku Sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mitaa yetu, wanajeshi wao waliokamatana walikuwa mateka wa vita kisheria. Katika vita vya ndani cheo hicho hakipo, lakini kifungu cha 3, kilichomo katika mikataba yote minne ya Genève, kinamlinda kila aliyeweka silaha chini au kukamatwa: asiuawe, asiteswe, asishikwe ili kulazimisha upande mwingine, asihukumiwe bila mahakama halali. Na hata katika ugomvi kama ule wa Wambole na Walengola ulioanza mwaka 2023 kwa sababu ya ardhi na kufukuza familia nyingi, sheria ya Kongo inakataza kuua. Mkuu wa mtaa anayesema "tulimkamata usiku, asubuhi hakuwepo" hajajibu kitu.

Kwa aliye chini ya miaka 18, sheria ya mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza katika jeshi au kundi lolote la silaha. Akikamatwa, akabidhiwe kwa huduma za kulinda watoto.

Familia ambayo haina habari za mtoto wake isikae kimya. Iende kwa Msalaba Mwekundu wa Kongo au CICR na kupeleka majina yote ya mtoto, pamoja na jina la utani analojulikana nalo kwa wenzake, majina ya baba na mama, mahali alipozaliwa, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho. Huduma hiyo hailipiwi. Ukiombwa pesa, huyo si mtu wao.

Vita vilipokwisha mwaka 1918, Kudjabo alibaki Ubelgiji, na huko akafariki mwaka 1934. Mwezi Agosti 1919 Panda na Wakongo wenzake waliunda Union Congolaise mjini Bruxelles, chama cha kusaidiana. Walidai pia shule kwa watoto wa Kongo na kumbukumbu kwa askari wao waliokufa. Hawakungoja serikali iwaulize wanahitaji nini. Panda alirudi Kongo mwaka 1929 na kufariki mwaka uliofuata.

Kwa kikao chenu, tunapendekeza mjadiliane haya, wamama wakianza kusema. Katika mtaa wenu au mahali mlipokimbilia, ni nani anayeandika majina ya waliopotea, na daftari hilo limehifadhiwa wapi? Kijana akirudi kutoka msituni au gerezani, anapokelewa na nani siku ya kwanza, na analala nyumba ipi? Na mkikamata mtu usiku wa leo, ni nani kati yenu atakayekaa naye mpaka kukuche?