Somo: Jiko la gesi likikataa kuwaka

Ndugu wafanyakazi, hapa Nengo gesi si neno geni. Tangu 1963, kwa miaka mingi, kiwanda cha bia cha Gisenyi kilichemsha maji kwa methani iliyovutwa vilindini mwa Ziwa Kivu. Leo lakini tunazungumzia mtungi wa jikoni.

Jiko likikataa, usiwashe kiberiti cha pili. Funga mtungi, fungua mlango, unuse mpaka sakafuni. Gesi ya ziwani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda. Ya mtungi ni nzito, hulala chini, kwa hiyo dirisha peke yake halitoshi. Ukisikia harufu, usiguse swichi ya taa, hata kwa kuzima.

Harufu ikiisha, paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio, kisha fungua mtungi. Mapovu yakivimba, gesi inavuja: funga, ununue mpira mpya. Kuufunga kwa kitambaa, kama wengi wetu tufanyavyo, ni hatari.

Usipovuja, inua mtungi. Pengine umekwisha tu (aibu hiyo imetupata). Halafu tazama matundu ya jiko, maana uji ukifurika huyaziba. Yazibue kwa sindano jiko likiwa baridi. Majiko mengine yana kijiti kinachohisi joto: moto ukishika, endelea kubonyeza kitufe kwa sekunde kama 10, la sivyo ukiachia utazimika.