Somo la Robo Hii: Wanawake wa Burundi kwenye Mazungumzo ya Arusha



Tunapotembelea parokia huwa tunaulizwa: mikutano ya wanadiplomasia inamsaidia nini mjane wa kijijini? Ni swali la haki. Tulitazame kwa mfano wa jirani zetu wa Burundi.

Vita vya huko vilianza Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Mazungumzo ya amani yalipofunguliwa Arusha mwezi Juni 1998, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, wajumbe wa vyama walikuwa karibu wote wanaume. Wanawake waliofunga safari kutoka Burundi hawakupokelewa kama wajumbe. Hata hivyo hawakukata tamaa. Waliwafuata wajumbe nje ya ukumbi, mmoja mmoja, mpaka wachache wao wakakubaliwa kuwa watazamaji. Mtazamaji anaketi na kusikiliza, kauli hana.

Mwalimu alifariki Oktoba 1999, na Nelson Mandela akapokea usuluhishi. Julai 2000, UNIFEM, uliokuwa mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya wanawake, ukishirikiana na Taasisi ya Mwalimu Nyerere, uliitisha mkutano wa wanawake wa Burundi hapo hapo Arusha. Walifika zaidi ya 50, kutoka vyama vilivyokuwa vikijadiliana, Wahutu kwa Watutsi. Waume na kaka zao walikuwa bado wanavutana, lakini wao walikubaliana juu ya elimu ya wasichana, adhabu kwa wabakaji, haki ya mwanamke kurithi ardhi, na asilimia 30 ya nafasi za uongozi. Mapendekezo hayo walimkabidhi Mandela. Mengi yaliingia katika Mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.

Tuangalie vizuri wageni walichangia nini. Hoja hawakuzileta wao. Walitoa ukumbi, nauli, na njia ya kumfikia msuluhishi. Kwa maoni yetu huo ndio msaada wenye maana, ingawa katika ripoti hauonekani mkubwa.

Asilimia 30 haikukubaliwa mwaka 2000. Ilikuja kuandikwa katika Katiba ya 2005, kwa Serikali na Bunge. Urithi wa ardhi ndio uliokwama. Miaka mingi ilipita baada ya Mkataba bila Bunge kupitisha sheria ya urithi, na mila iliendelea kumpa shamba mtoto wa kiume. Wakimbizi walipoanza kurudi kutoka kambi za Kigoma, mjane aliyekuta shamba la marehemu mumewe linalimwa na shemeji yake alikuwa na wabunge wanawake, lakini hakuwa na sheria ya kushika mkononi.

Kabla ya kikao chenu kijacho, someni tena sehemu ya watazamaji. Kisha hesabuni: katika kamati yenu ya maji au ya ardhi, akina mama wangapi wana kauli, na wangapi wanaketi tu? Tuandikieni mtakachokuta.