Shinikizo la Damu: Usingoje Kuumwa

Wapo watu wasemao, "Mimi sina presha, maana kichwa hakiniumi." Hilo ni kosa. Mara nyingi shinikizo kubwa la damu halina dalili yoyote. Mtu hulima, hula na hulala vizuri, kumbe mishipa yake inaharibika.

Shinikizo la damu ni nini? Moyo ni pampu. Kila unapopiga, husukuma damu katika mishipa, na damu hiyo husukuma kuta za mishipa. Nguvu hiyo ndiyo shinikizo la damu. Kila mtu analo. Bila hilo damu isingefika kichwani. Ubaya ni likizidi. Fikiria mpira wa baiskeli uliojazwa upepo kupita kiasi: huchakaa upesi, na siku moja hupasuka. Mshipa wa ubongo ukipasuka au ukiziba, mtu hupata kiharusi. Huenda akapooza upande mmoja, au akafa. Moyo, figo na macho pia huharibika.

Mganga akikupima hutaja tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya wakati moyo unaposukuma damu. Ya pili ni ya wakati unapolegea. Kwa mtu mzima, chini ya 120 kwa 80 ni vizuri. Ya kwanza ikifika 140, au ya pili ikifika 90, katika vipimo vya siku mbalimbali, hilo ni shinikizo kubwa. Kabla ya kupimwa, kaa utulie dakika 5.

Ufanye nini?
- Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika samaki wa chumvi.
- Kula mboga na matunda. Acha sigara, punguza pombe, na mwili ufanye kazi.
- Mama mjamzito apimwe kila aendapo kliniki, maana shinikizo likipanda laweza kuleta kifafa cha mimba.
- Ukipewa dawa, usiache kwa kuwa unajisikia vizuri. Dawa ndiyo inayolishikilia. Ukiacha, litapanda tena bila kukuarifu. Wala usitumie dawa ya jirani.

Zahanati wanacho kipimo, na kupimwa hakuumi. Nenda ukiwa mzima.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini mtu asiyeumwa apimwe?
2. Nyumbani kwako, chumvi hutiwa kiasi gani?
3. Ungemwambia nini ndugu aliyeacha dawa?