Ndugu Anapojenga Kwenye Shamba la Urithi

Baba amefariki na hatimiliki ya shamba bado ina jina lake. Ndugu mmoja amejenga nyumba kando ya barabara bila kuwauliza wenzake. Wengine wanataka kuibomoa. Familia kama hii ifanyeje?

Kwanza, kujenga hakumfanyi mtu kuwa mmiliki. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi (Sura ya 160) kinakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu ni faini isiyozidi Sh10,000, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Hata hivyo, anayebomoa kwa nguvu anaweza kushtakiwa pia.

Pili, familia ikutane pamoja na wazee na chifu. Kifungu cha 159 cha Katiba kinatambua upatanisho na njia za jadi za kutatua mizozo. Ndugu wanaweza kukubaliana kwamba nyumba iangukie fungu la aliyejenga, na sehemu ya barabarani ihesabiwe katika haki yake. Makubaliano yaandikwe na wote watie sahihi.

Tatu, ombi la mirathi lipelekwe mahakamani likiwa na barua ya chifu inayotaja warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa. Msimamizi wa mirathi haruhusiwi kuuza ardhi kabla mahakama haijathibitisha ugavi.

Mwisho, mpimaji aweke mipaka na kila mrithi apate hatimiliki yake.

Wakazi wanashauriwa kuanza mirathi mapema, kabla ya yeyote kuchimba msingi.